Mikono Juu Si Kosa

Nakivale, Jumapili, baada ya ibada

Papa mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha nyumba nzima, hata yule jogoo wa Mama anayewika saa sita mchana, kama hamjamla bado. Mguu wako unaendeleaje? Shangazi Naomi anatuambia sasa unapanda mpaka kanisani bila fimbo, na kwamba Mama anakufokea kila ukifika juu. Nilicheka na nikafurahi. Sisi huku tu wazima. Imani ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Baba yake amelima maharage yanayotazamika, mvua ikituonea huruma. Ile homa iliyonishika imekwisha, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mwili wangu.

Shangazi alifika Ijumaa na mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na ndagala zako na maneno yako. Ndagala tulizila jioni ile ile na sombe ya majani ya mihogo yetu, asante sana, huku ziwani kwetu hakuna samaki wa namna ile. Maneno ndiyo yaliyonikwama. Shangazi alisubiri nimalize kula, akanawa mikono, akakaa sawa, akayatoa kama ulivyomtuma: kwamba mzee mmoja wa kanisa letu hapa Nakivale alikupigia simu, akakueleza kuwa binti yako anavaa suruali, anakimbia mbele ya watu na filimbi mdomoni, amegombana na walimu wa Mbarara na kutisha watoto wa wenyewe. Kwamba mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anamwona. Kwamba niende niseme nilikosea, na nikuahidi kwa barua hii hii kuwa filimbi nimeiacha. Jumanne Shangazi anarudi Uvira, na amesema hatoki hapa bila jibu.

Papa, ahadi hiyo sina. Nakuambia mapema kwa sababu nakuheshimu, usije ukasomewa karatasi zote ukiisubiri. Lakini nataka usikie mambo yalivyokuwa kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa mzee yule ambaye uwanjani hakuwepo.

Nianze na suruali, maana najua ndiyo iliyokuuma zaidi. Mwamuzi wa mpira wa kikapu anavaa suruali nyeusi na shati la kijivu, awe mwanamume au mwanamke. Mpira ukinyang'anywa chini ya goli hili, mimi natakiwa kufika chini ya goli lile kabla ya wasichana wa sekondari ambao hawajazaa hata mtoto mmoja. Mwambie mzee yule avae kitenge ajaribu. Kanisani naenda na kitenge changu, na leo nimeimba kwaya nikiwa nimekivaa, naye alikuwa benchi la mbele na ameniona.

Filimbi yenyewe sikuitafuta. Unajua nilicheza mpira huu miaka yote ya sekondari, pale lisée, na mara moja ulikuja kututazama ukauliza kwa nini yule bwana wa filimbi anatukatiza kila tukianza kufurahi. Tulipofika hapa Nakivale vijana walikuwa wamechomelea pete ya nondo juu ya mlingoti, wanachezea kwenye udongo mwekundu, na kila mchezo uliishia kwa ngumi, kwa sababu hakukuwa na wa kuamua. Siku moja niliweka ndoo yangu ya maji chini nikaamua. Walinisikiliza kwa sababu nilipiga kelele kuliko wao. Baadaye yakatangazwa mafunzo ya waamuzi wa shule kule Mbarara, nikaenda, na mkuu wao, Mzee Mugisha, akanichukua. Ni Mnyankole, mtu mzima, ujanani alikuwa polisi na ndiko alikookota Kiswahili chake. Tunaelewana, ingawa Kiswahili chake kinatembea kwa buti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwamuzi hatazami mpira. Mpira unatazamwa na kila mtu, una macho ya kutosha. Waamuzi ni wawili: mmoja anakaa chini ya goli, mwingine anafuata nyuma, na kila mmoja ana upande wake wa kulinda. Yule wa chini ya goli anatazama nafasi iliyo kati ya mwili na mwili. Ukiona nafasi ile, unajua nani amemfuata mwenzake na nani amefuatwa. Usipoiona, usipige filimbi kwa kubahatisha, hata uwanja mzima ukikulilia.

Kuna sheria moja, Papa, ambayo nilipoisikia mara ya kwanza niliomba irudiwe. Inasema mchezaji yeyote ana haki ya kusimama mahali popote uwanjani ambapo hapana mtu, mradi amefika hapo bila kumsukuma mwingine. Akishafika, mahali pale ni pake, kuanzia sakafuni mpaka juu, hewa na yote. Anaweza kuruka wima, anaweza kunyoosha mikono juu, na atakayekuja kumgonga ndiye mwenye kosa, au hakuna kosa kabisa. Haijalishi ni mrefu au mfupi, ni wa shule kubwa au ndogo. Sisi tunaoishi kwenye kipande cha ardhi tulichopimiwa kwa kamba hatuisikii sheria kama hiyo kwa sikio moja tu.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Ilikuwa nusu fainali ya shule za wasichana, Mbarara mjini, kwenye uwanja wa shule moja kubwa yenye sakafu ya saruji na mistari mipya. Wageni walikuwa shule ndogo ya upande wetu wa Isingiro. Waamuzi tulikuwa Mzee Mugisha na mimi. Kabla ya hapo alikuwa ameshaniambia kwamba nikichezesha vizuri siku ile, fainali ni yangu. Hakuna mwanamke wa kambini aliyewahi kupewa. Nisikufiche, niliitaka fainali ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu tuvuke mpaka.

Kiingereza changu kinachechemea, kwa hiyo ninapozungumza na wachezaji natumia Kiswahili. Na kuzungumza nao ni sehemu ya kazi: ukiona msichana anataka kufanya kosa, unamwonya kabla hajalifanya, na mchezo unaendelea. Basi kipindi cha kwanza, kapteni wa wenyeji, namba saba, msichana mwepesi sana, aliingia na mpira kuelekea goli. Aliyemzuia alikuwa namba kumi na moja wa wageni, naye alikuwa anarudi nyuma mikono ikiwa chini, karibu kumshika kiunoni. Nikamwonya kwa sauti kubwa, "Mikono juu!"

Namba saba aliuachia mpira. Ukamtoka, ukabingirika mpaka miguuni pa watu wa meza, naye akabaki amesimama katikati ya uwanja, mikono miwili juu ya kichwa, macho yamemtoka. Kwenye benchi lao wasichana wawili nao walikuwa wameinua mikono. Uwanja ukaangua kicheko. Ni mimi peke yangu sikuelewa kinachochekesha. Mzee Mugisha alipiga filimbi, akawarudishia wenyeji mpira wao, na hakuna aliyepoteza kitu.

Mapumziko alinivuta pembeni. "Sifa, hiyo maneno wacha," akaniambia. "Hapa kwetu Kiswahili nafika nyumbani ya mutu pamoja na bunduki. Wazazi ya hawa watoto nasikia 'mikono juu' kwa rodibloko ya askari, nasikia kwa mwizi. Ndiyo wanaambia watoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Unajua kwetu neno hilo ni la wapi. Kiongozi wa kwaya akisema "mikono juu," hata Mama na bega lake bovu anainua. Nimelisikia barabarani pia, kutoka kwa watu wabaya, sitasema uongo, lakini kila Jumapili tunaliimba mpaka limerudi kuwa neno letu. Haikunijia kichwani kwamba kuna nchi ambako limebaki kwa wenye bunduki peke yao. Kipindi cha pili nilifunga mdomo, nikawa naonyesha kwa mikono yangu tu.

Mchezo ulikwenda sawasawa mpaka mwisho. Wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi moja, muda unakatika, na mpira ukampata tena namba saba. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili, akaja chini ya goli pale nilipo. Namba kumi na moja alikuwa ameshafika. Niliona miguu yake yote miwili chini, niliona nafasi kati yao, niliona anaruka wima na mikono imenyooka. Namba saba alimgonga kifuani, mpira ukagonga chuma ukatoka, na yeye akaanguka kwenye saruji. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Nilisikia uwanja mzima ukinililia, na sikuipuliza. Kengele ya mwisho ikalia.

Mwalimu wa michezo wa wenyeji, madamu mmoja mwenye sauti, aliingia uwanjani kabla wasichana hawajapeana mikono. Alisema mengi. Alisema nimewatisha watoto wake kwa lugha ya jeshi, kwamba mtoto aliyetishwa kipindi cha kwanza hawezi kucheza kipindi cha pili, na kwamba mwisho nimekula njama na wa kwetu, kwa sababu namba kumi na moja ni mtoto wa Kikongo anayetoka hapa Nakivale. Hilo la mwisho liliniwasha, Papa. Mtoto huyo huyo nilikuwa nimempigia makosa mpaka alikuwa amebakiza moja tu atolewe nje. Mama yake hanisalimii kisimani.

Baada ya siku chache Mzee Mugisha alileta masharti ya shule. Niende kwenye paredi yao ya asubuhi, nisimame mbele ya wasichana, niombe msamaha kwa mambo mawili: kwa lile neno, na kwa kosa la mwisho ambalo sikulipiga. Nikifanya hivyo wananyamaza, na fainali inabaki yangu. Nisipofanya, watapinga jina langu, na wana watu wa kuwasikiliza.

"Sema tu," Mzee Mugisha akanishauri. "Maneno nakwisha, kazi nabaki."

Nikamuuliza kama yeye aliona kosa. Akajibu kwa ukweli kwamba kutoka aliposimama aliuona mgongo wa namba saba tu. Nikamuuliza tena: kwa hiyo nani aliona? Akaniambia tu saa ya paredi.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Baba Imani aliniambia niseme mambo yaishe, kwani maneno hayaoti majani. Mzee wako wa kanisa alipita akaniambia mkimbizi akae kimya, ale, alale, ashukuru. Nilimkaribisha chai, hakuinywa. Nadhani ndiyo siku aliyokupigia simu.

Nilikwenda kwenye paredi. Nilivaa suruali nyeusi na shati la kijivu, nikasimama mbele ya wasichana wengi wenye sketi za buluu, madamu upande huu, Mzee Mugisha upande ule ili anitafsirie.

"Batoto," nikawaambia, "juu ya ile neno 'mikono juu' minaomba musamaha. Kwetu ni neno ya kanisa, sikujua kama kwenu ni ya bunduki. Hapa sitaisema tena."

Mzee Mugisha akatafsiri. Wasichana wakapiga makofi, na madamu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akisubiri la pili.

"Lakini ile ya mwisho haikukuwa fote, haikukuwa kosa," nikasema. "Ule mutoto alikuwa kwa fasi yake, na mikono yake ilikuwa juu ya fasi yake. Sikupiga filimbi. Na hata leo, sitapiga."

Papa, hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Mzee Mugisha alinyamaza. Angeweza kutafsiri kitu kingine, nani angejua? Angesema "amejuta sana" na mambo yangekwisha, na mimi ningerudi nyumbani na fainali yangu. Alinitazama, akawatazama wasichana, akakohoa. Kisha akatafsiri neno kwa neno, mpaka lile la "hata leo." Nilijua kwa uso wa madamu kwamba hakuacha kitu.

Tulipokuwa tunatoka, namba saba alitufuata mpaka getini. Alikuwa bado na kidonda kwenye kiwiko. Hakuwa na hasira. Alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Nyabo," ndivyo wanavyomwita mama kwao, "lakini mimi naumia."

Nikamwambia naona. Nikamwambia kuumia ni kitu kimoja na fote ni kitu kingine, na kwamba mimi mwenyewe nimechelewa kulijua hilo. Alifikiri kidogo, akaniuliza sasa angefanya nini badala ya kumvamia mzuiaji moja kwa moja. Nilimwonyesha pale pale getini jinsi ya kusimama ghafla na kurusha kabla hajamfikia mtu. Madamu alimwita kwa ukali, akakimbia.

Fainali wakampa mtu mwingine. Nilikwenda kuitazama, nimevaa kitenge, nimekaa na watu. Yule bwana alichezesha vizuri, sitamsingizia. Nilimwonea wivu, na nilipofika nyumbani nililia, na Baba Imani akanipikia bugali. Asubuhi yake alilifua shati langu la kijivu akalianika kwenye kamba ya mbele, njia anayopita mzee wa kanisa, ingawa kamba ya nyuma ilikuwa tupu.

Unasema mgeni ni kuku mweupe. Papa, wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu ilishapita zamani. Jembe wamenipa wenyewe, sikuliiba. Sasa unataka nilirudishe kwa sababu nimelima mstari ulionyooka?

Na nikukumbushe jambo, uniwie radhi. Ulipoamua mpaka wa shamba kati ya ba mdogo na yule mjane, ukampa mjane, ba mdogo hakutuamkia mpaka alipofiwa na mkewe. Mama alikusihi ubadilishe maneno kwa ajili ya amani ya ukoo. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage, nikakusikia ukimjibu kwamba jiwe la mpaka umeliona kwa macho yako. Utaniambia wewe ulikuwa kwenu na mimi niko kwa watu. Ni kweli. Lakini hukuniambia siku ile kwamba mtu anaona kwao tu, akifika kwa watu apofuke.

Nimekaa bila mchezo wa shule muhula mzima. Jumapili jioni nachezesha hapa kwenye udongo wetu, mbele ya vijana wa Kikongo, Warundi na Wasomali, na wote wananitukana kila mmoja kwa lugha yake, ndiyo dalili kwamba sipendelei mtu. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba Mbarara imekwisha.

Jana Mzee Mugisha alinipigia simu. Muhula mpya unaanza, na mchezo wa kwanza ni pale pale, kwenye ile sakafu ya saruji, kwa wale wale wasichana wa sketi za buluu. Amenipanga mimi. Madamu amekataa, na yeye amemjibu kwamba shule isiyomtaka Sifa siku hiyo haina mwamuzi, na shule isiyokuwa na mwamuzi haina mchezo. Aliniambia watakuja watu wengi, na wengine watakuja kwa ajili ya kunizomea. Akauliza kama nitakwenda.

Nikamuuliza mchezo unaanza saa ngapi.

Msalimie sana Mama, mwambie bega alikande na maji ya chumvi. Msalimie kaka yangu mkubwa anayekusomea barua hii, na asiruke sehemu ya suruali. Salamu kwa mke wake, kwa mchungaji wetu wa zamani, na kwa mjane wa shamba la mpakani kama bado yu hai. Ba mdogo naye msalimie, nampenda. Baba Imani anakuamkia kwa heshima zote, na Imani angekuamkia kama asingekuwa anaitafuna kalamu yangu.

Mchezo ni Ijumaa hii, saa tisa alasiri. Shangazi atakuwa ameshafika kwako. Ikifika saa hiyo, Papa, piga magoti, najua utapiga hata ukiwa na hasira. Usiniombee nishinde, maana mwamuzi hashindi. Niombee nione.

Ni mimi binti yako, mama Imani, mwamuzi,

Sifa